Bonded by Blood ya Exodus: Maswali Ninayoulizwa Kibandani, Luthuli Avenue

Mimi ni fundi wa amplifaya na spika hapa Luthuli Avenue, Nairobi. Leo nashughulikia sabufa ya matatu ya Rongai, kesho mikrofoni za kanisa la Kayole. Jioni, wateja wakipungua, huweka muziki wangu mwenyewe, na mara nyingi huwa ni albamu ile ile: Bonded by Blood, ya kwanza ya Exodus, iliyotoka Aprili 1985. Wapitao njia husimama na kuuliza. Wengine huuliza kwa hamu, wengine kwa hasira, na mama mmoja muuza chai huuliza kwa huruma. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi kila wiki. Majibu ni ya shabiki, na shabiki ana upande.

Exodus? Si hiyo ni ya Bob Marley?

Hili ndilo swali la kwanza siku zote. Exodus ya Bob Marley na Wailers ni albamu ya 1977, na hapa mjini hakuna asiyeijua. Hawa ninaowazungumzia ni bendi ya thrashi kutoka Richmond, California, ng'ambo ya ghuba ukitokea San Francisco. Walianza mwaka 1979 wakiwa vijana wa sekondari. Jina walilitoa kwenye riwaya ya Leon Uris, na Uris naye alilitoa kwenye Biblia, kitabu cha Kutoka. Kisima ni kimoja, ndoo ndizo tofauti.

Thrashi ni nini hasa?

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kulikuwa na metali (roki nzito) ya Uingereza: magitaa mawili yanayokwenda sambamba, sauti za juu, hadithi za vita na mashujaa. Pembeni kulikuwa na panki: nyimbo fupi, kasi, na hasira ya mtu aliyefungiwa mlango. Vijana wa California, hasa wa eneo la Ghuba ya San Francisco, walivichanganya viwili hivyo. Wakachukua ufundi wa metali na mwendo wa panki.

Kitu cha kusikiliza ni mkono wa kulia wa mpiga gitaa. Ubavu wa kiganja unalala juu ya nyuzi karibu na daraja la gitaa, kiasi cha kuzibana bila kuzinyamazisha, halafu kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi kinashuka, kinashuka, kinashuka. Sauti inatoka imekatika vipande, kama mashine ya cherehani iliyofungwa kwenye amplifaya. Kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa, ambacho wimbo wote hukaa juu yake, wenyewe wanakiita rifu. Katika thrashi rifu ndiyo nyumba. Mwimbaji ni mpangaji tu.

Nani wanapiga humu?

Paul Baloff anaimba. Gary Holt na Rick Hunolt wako kwenye magitaa, Rob McKillop kwenye besi, Tom Hunting kwenye ngoma. Walirekodi kiangazi cha 1984 katika studio ya Prairie Sun, mji mdogo wa Cotati, kaskazini mwa San Francisco, mtayarishaji akiwa Mark Whitaker. Nyimbo tisa, dakika arubaini na ushei.

Ni kweli yule mpiga gitaa wa Metallica alitoka Exodus?

Kweli. Kirk Hammett ni mmoja wa waanzilishi, pamoja na Tom Hunting. Hata Gary Holt, ambaye leo ndiye Exodus yenyewe, alifundishwa gitaa na Hammett. Alianza kwa kubeba vyombo vya bendi. Aprili 1983 Metallica walimfukuza Dave Mustaine wakiwa New York, wakampigia Hammett simu, akaenda. Miezi michache baadaye alikuwa kwenye Kill 'Em All, albamu ya kwanza ya Metallica.

Aliondoka na mzigo pia. Ukisikiliza Creeping Death, wimbo wa Metallica wa 1984, kuna sehemu ya katikati ambapo maelfu ya watu uwanjani huitikia neno moja kwa pamoja. Sehemu hiyo ilizaliwa Exodus, kwenye wimbo wa zamani ulioitwa Die by His Hand. Simlaumu Hammett. Kijana akiitwa kazi Mombasa hawezi kuwaachia wenzake mikono yake. Lakini huwa nawaambia vijana wanaokuja hapa na fulana za Metallica: wimbo mnaoupenda una damu ya bendi nyingine ndani yake.

Na kuondoka kwake, kwa maoni yangu, ndiko kulikoifanya albamu hii iwe ilivyo. Hunolt akaingia, Holt akashika usukani wa utunzi, na wale wawili wakawa kitu ambacho Exodus ya Hammett haikuwa bado.

Kwa nini unaiweka juu ya Kill 'Em All? Wengi watakupinga.

Na wapinge. Kill 'Em All ilitangulia, Julai 1983, na sitamnyima mtu haki yake ya kutangulia. Lakini isikilize vizuri: bado ina mguu mmoja Uingereza. Kuna nyimbo humo ambazo bendi yoyote ya London ya 1981 ingeweza kuzipiga polepole kidogo na usishangae. Bonded by Blood imesimama kwa miguu yote miwili kwenye thrashi. Sioni hata wimbo mmoja humu ambao ungeweza kuwa wa aina nyingine ya muziki.

Sababu ya pili ni magitaa. Mimi nimekulia nyumba ya benga. Baba alikuwa na kaseti za D. O. Misiani na Shirati Jazz, na kabla sijajua kusoma nilijua kwamba gitaa la pili halipo kwa ajili ya kujaza nafasi. Lipo kwa ajili ya kujibu. Moja linauliza, lingine linajibu, la kwanza linakata jibu kabla halijaisha. Holt na Hunolt wanafanya hivyo hivyo. Mashabiki waliwaita H-Team kwa sababu ya herufi za majina yao, na jina liliwakaa. Vaa spika za masikioni ucheze Piranha: gitaa moja liko upande huu, lingine upande ule, na wakati wa solo wanapokezana kijiti kama wakimbiaji. Hakuna anayetaka kuonekana bora kuliko mwenzake, na hakuna anayemsubiri mwenzake. Nilipoisikia mara ya kwanza nilimkumbuka baba akiwa ameinamia redio, anatikisa kichwa, anasema, "Sikia huyo wa pili. Sikia huyo wa pili."

Sababu ya tatu ni waitikiaji. Karibu kila kiitikio humu kinapigwa na kundi, kwa sauti za watu wasiojua kuimba na wasiojali. Mwimbaji anaanzisha, kundi linamwitikia. Mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye ngoma ya mtaani, au kwenye uwanja wa Gor na Ingwe wakikutana, anajua nguvu ya kitu hicho. Metallica ile ya kwanza ni bendi inayokupigia wewe. Exodus wanakuvuta uingie ndani upige nao.

Basi mbona hawatajwi kwenye wale Wanne Wakubwa?

Wanne Wakubwa, yaani bendi nne zinazotajwa kuwa vinara wa thrashi, ni Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax. Exodus hawamo, na hili linaniuma kana kwamba ni jambo la ukoo wangu.

Tazama kalenda. Kazi ya studio ilikwisha kiangazi cha 1984. Wakati huo Megadeth hawakuwa na albamu. Slayer walikuwa na moja tu. Kanda za Exodus zilikuwa tayari, na vijana wa eneo hilo walikuwa wakinakiliana rekodi zao kwa kaseti, mkono kwa mkono. Albamu ilitakiwa kuitwa A Lesson in Violence. Pakazuka mvutano kuhusu jalada, jina likabadilishwa, mambo ya kibiashara ya lebo yao ndogo, Torrid Records, yakakwama, na miezi ikapita. Ilipoingia madukani Aprili 1985, Ride the Lightning ya Metallica ilikuwa imeshasikilizwa kwa miezi tisa, na Hell Awaits ya Slayer ilikuwa imeshatoka. Wageni waliosikia Exodus kwa mara ya kwanza wakadhani ni wafuasi. Kumbe walikuwa miongoni mwa waliofyeka njia.

Wateja wangu wa matatu wanaelewa jambo hili haraka kuliko wakosoaji wa muziki. Gari lako linaweza kuwa zuri kuliko yote kwenye rutu, lakini likifika stejini dakika kumi baada ya wengine, abiria wameshapanda.

Halafu bendi ikampoteza mwimbaji wake. Baada ya ziara, Baloff aliachishwa, na Steve Souza, tuliyemzoea kwa jina la Zetro, akaja kutoka Legacy, bendi ambayo baadaye iliitwa Testament. Albamu ya pili, Pleasures of the Flesh, ilitoka 1987, ikiwa na sauti nyingine mbele. Miaka miwili kwenye thrashi ya wakati ule ilikuwa mingi mno.

Huyu mwimbaji anaimba ama anapiga kelele?

Paul Baloff hakuwa mwimbaji kwa maana ya kwaya. Sauti yake inapasuka, inateleza nje ya mdundo, maneno mengine anayameza, na mwisho wa mstari huachia mlio wa juu kama mtu aliyekanyaga moto. Nikiwa mgeni nilidhani ni udhaifu wa kurekodi. Nilichukua muda kuelewa kwamba yeye ndiye pekee kwenye albamu hii ambaye hajafanya mazoezi ya kutosha, na kwamba ndiyo sababu inapumua.

Wapigaji wanne nyuma yake wamekaza kama nyaya za daraja. Kila kitu kiko mahali pake. Kama naye angekuwa sahihi vilevile, tungepata kazi safi, ya kusifiwa, na ya kusahaulika. Baloff anaingia kama jirani anayefungua mlango bila kubisha hodi akiwa na habari. Sikiliza anavyoingia kwenye wimbo wa A Lesson in Violence. Mtu huyo anafurahi. Chini ya vitisho vyote hivyo kuna furaha tupu ya kijana aliyepata watu wake.

Wazee wa eneo lile bado wanamsimulia: usiku wa klabu ya Ruthie's Inn kule Berkeley, jinsi alivyokuwa akiongea na umati kati ya wimbo na wimbo, jinsi alivyokuwa akikata fulana za mashabiki wa bendi za nywele na vipodozi na kujifunga vipande mkononi kama nyara. Alirudi Exodus mwaka 1997 na kuna rekodi ya jukwaani ya mwaka huo. Agosti 2001 aliimba nao tena kwenye tamasha la kuwachangia wagonjwa wa saratani wa familia yao ya muziki. Februari 2, 2002, alifariki baada ya kupigwa na kiharusi. Alikuwa na miaka 41. Albamu nzima ya studio aliyowahi kumaliza na Exodus ni hii moja. Kila nikiicheza najua nasikia karibu yote aliyotuachia.

Jina Bonded by Blood lina maana gani?

Kiswahili kina neno lake tayari, na ni neno zuri: kuchanjiana. Wazee wetu, watu wawili wasiozaliwa tumbo moja walipotaka kuwa ndugu, walichanja chale, wakachanganya damu, na tangu siku hiyo mmoja hakuweza kumkana mwenzake. Wimbo wa kwanza unasema jambo la namna hiyo kuhusu bendi na umati wake: usiku, jukwaa, mstari wa mbele, damu ya huyu na ya yule sakafuni, na wote wakitoka wakiwa kitu kimoja.

Ni picha ya kutisha ukiisoma karatasini. Lakini nimesimama kwenye maonyesho ya metali hapa Nairobi, kwenye kumbi ndogo ambazo dari linatoa jasho. Watu wanasukumana hadi unadhani ni ghasia. Mtu akianguka, mikono sita inashuka kumwinua kabla hajagusa chini vizuri. Miwani ikidondoka, duara linasimama mpaka ipatikane. Nilipoteza kiatu kimoja siku moja, kikapita juu ya vichwa vya watu hadi kikanifikia. Wale sikuwajua majina, na baadhi yao leo ni watu ninaowapigia simu nikiwa na shida. Kwa hiyo nikisikia kiitikio cha wimbo huo, sioni mauaji. Naona hicho kiatu kinakuja.

Ni muziki wa shetani?

Naulizwa hili kwa uzito, nami nalijibu kwa uzito. Kuna wimbo unaitwa Deliver Us to Evil. Msomaji wa Biblia atatambua mara moja: ni Sala ya Bwana, Mathayo sura ya sita, imegeuzwa kichwa chini. Pale tunaposema "utuokoe na yule mwovu," wao wanaomba wapelekwe kwake. Siwezi kumwambia mama yangu kwamba hakuna kitu hapo. Kipo.

Ninachoweza kumwambia ni kwamba mwaka 1984 vijana wa umri ule walitumia ibilisi kama vile sinema inavyotumia jini: kupandisha nywele. Venom wa Uingereza walikuwa wamelifungua duka hilo, na kila mtu alinunua. Exodus hawakukaa humo. Nyimbo zao za baadaye zimejaa siasa na vita vya binadamu. Mimi ni mtu wa kanisa. Wimbo huo huupitisha siku za Jumapili, na siku nyingine huusikiliza kwa ajili ya magitaa. Mwingine akiona hawezi kuusikiliza kabisa, namheshimu.

Maneno yake si ya kikatili mno?

Mengi ni ukatili wa hadithi: samaki wenye meno, jitu linaloibuka, dunia iliyoteketea. Hayo hayanisumbui. Kuna mstari mmoja tu ninaoupinga waziwazi, katika wimbo wenye jina la bendi. Unataja kubakwa na kuuawa kwa mke wa mtu kama sehemu ya majigambo ya wavamizi. Nina dada wawili. Naishi mji ambao wanawake wameandamana barabarani kudai wasiuawe. Mstari ule sitauimba, na ukifika wakati tunaimba pamoja hapa kibandani, mimi hunyamaza. Kijana aliyeuandika miaka ya themanini alitaka kushtua. Mimi nausikia nikiwa hapa nilipo. Rifu ya wimbo huo ni kati ya bora tano za albamu, na hilo ndilo linalouma.

Jalada lile la watoto wawili?

Ni pacha walioungana, mmoja sura ya kawaida, mwingine wa kishetani. Lina ubaya wake wa uchoraji na siwezi kulitetea. Yapo matoleo ya baadaye yenye jalada jingine lisilo na watoto. Ukinunua kwa ajili ya nyumba yenye wazazi, tafuta hilo.

Nimenunua fulana ya Exodus Gikomba bila kujua hata wimbo mmoja. Naruhusiwa kuivaa?

Vaa, ndugu yangu. Vaa mpaka ichakae.

Najua Baloff angekufuata na mkasi. Kwake yeye na wenzake, kuvaa usichokipenda ulikuwa uongo, na waliwachukia waongo kuliko kitu chochote. Naelewa hasira hiyo: walikuwa wachache, na bendi za vipodozi zilikuwa na televisheni nzima. Lakini sisi hapa tulikuja kwa njia nyingine. Nusu ya marafiki zangu wa metali waliingia kupitia bunda la mitumba. Unavuta fulana nyeusi yenye maandishi ya miiba kwa sababu inakutosha, unaulizwa na mtu kwenye matatu, unaona aibu, unakwenda kutafuta. Wengine walisikia kwanza kwenye X FM, enzi kituo kile cha roki kilipokuwa hewani. Mimi binafsi niliingia kwa kaseti iliyonakiliwa ambayo binamu yangu aliiacha ndani ya redio iliyoletwa kutengenezwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa Richmond. Mlango ulio wazi ndio uliotuleta ndani.

Nikiicheza kwenye gari inasikika kama nyuki kwenye debe. Albamu ni mbovu?

Gari lako limefungwa kwa ajili ya muziki mwingine. Hapa naongea kama fundi, nivumilie.

Mifumo mingi ya matatu, na ya magari ya watu binafsi pia, hupangwa kwa umbo la bonde: besi imepandishwa hadi mwisho, twita (zile spika ndogo za sauti nyembamba) zimepandishwa, katikati pameshushwa. Kwa dancehall, gengetone au amapiano inafaa, maana uhai wa muziki huo uko kwenye ngoma ya mguu na besi ya chini kabisa. Bonded by Blood haina besi hiyo. Gitaa lililovurugwa sauti huishi katikati, kuanzia hezi mia kadhaa hadi kama elfu tatu, nne hivi. Ukishusha hapo, umelizika gitaa, na kinachobaki ni matoazi ya Hunting na kelele za Baloff. Hao ndio nyuki wako.

Fanya hivi. Rudisha ikwalaiza yote sifuri. Punguza sabufa hadi uisikie kwa shida. Pandisha kidogo eneo la hezi 800 hadi 2,000. Kisha cheza And Then There Were None, ambao hauna haraka, ili sikio lizoee. Utasikia magitaa yanasogea mbele kama watu waliokuwa nyuma ya pazia. Spika za zamani za mbao zenye koni ya karatasi, zile ambazo wateja huniachia wakidhani zimepitwa na wakati, zinaipiga albamu hii vizuri kuliko mashine nyingi mpya zinazoingia hapa.

Baada ya kusema hayo yote, nakubali kwamba rekodi ina upungufu. Besi ya McKillop imefichwa. Unaihisi zaidi ya kuisikia, na mtu huyo alikuwa akifanya kazi.

Inakula bando kiasi gani?

Kwa ubora wa kati, kama MB 50 kwa albamu nzima. Kwa ubora wa juu, karibu MB 100. Ipakue usiku ukiwa na Wi-Fi, uisikilize kwenye matatu. Kutoka mjini hadi Kitengela kukiwa na foleni unaimaliza mara mbili.

Nianze na wimbo gani?

Usianze na wa kwanza, ingawa ndio bora. Anza na Piranha. Haufiki dakika nne, rifu yake inaingia kichwani kwa mara moja, na huhitaji kuelewa neno lolote. Ukiona moyo unakwenda mbio, rudi mwanzo uanze Bonded by Blood na usisimame.

Ukifika No Love utashangaa: unaanza kwa gitaa la nyuzi laini, la kitaratibu, kama mtu anayepiga peke yake ukumbini mchana. Kijana mmoja mpiga gitaa la kanisani alikuwa akisubiri mikrofoni yake siku wimbo huo ulipoanza. Akasema, "Fundi, huu ni wimbo mtamu." Sikumwambia kinachofuata. Ulipolipuka aliruka, akacheka, akaomba nirudishe mwanzo. Siku hizi huja hata asipokuwa na mikrofoni ya kutengeneza.

Funga na Strike of the Beast. Jukwaani, wimbo huo ndio wanaoutumia kugawanya umati mara mbili, kushoto na kulia, kisha pande zote mbili zinakimbiliana. Nyumbani sogeza meza.

Wimbo dhaifu ni upi?

Metal Command. Ni mwito wa kujiunga na jeshi la metali, na miito ya namna hiyo ilikuwa tele miaka ile. Kiitikio kizuri, rifu ya kawaida. Deliver Us to Evil nao una zaidi ya dakika saba, na karibu na katikati unatafuta njia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda.

Toleo la 2008 je? Sauti yake ni safi zaidi.

Let There Be Blood ni albamu hii hii imerekodiwa upya, Rob Dukes akiimba. Holt alisema wazi ni heshima kwa Baloff na kwa nyimbo zenyewe. Kama fundi naisifu: kila chombo kinasikika, hata besi imepewa haki yake. Holt na Hunting ni wazuri kuliko walivyokuwa ujanani.

Nimeicheza labda mara nne. Kila mara, dakika ya pili au ya tatu, naanza kumsubiri Baloff achelewe kuingia, na hachelewi, kwa sababu hayupo.

Nikishaipenda, nisikilize nini?

Kutoka ukoo ule ule wa Ghuba: The Legacy ya Testament na The Ultra-Violence ya Death Angel, zote za 1987, zote albamu za kwanza. Wale wa Death Angel walikuwa mabinamu waliorekodi wakiwa vijana wadogo sana. Mpiga ngoma wao hakuwa amefika hata miaka kumi na tano. Kisha rudi kwa Exodus wenyewe, Tempo of the Damned ya 2004, walipoinuka tena baada ya msiba.

Na usikilize za nyumbani. Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, walitoa albamu yao ya kwanza mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Msomaji wa Kiswahili ataona mnyama mwenye mbio kwenye jina hilo; wao walilichukua kwa Kikuyu, giza. Si thrashi. Ni kitu kigumu zaidi, mashine na mayowe, na mara ya kwanza niliizima. Mara ya pili nilizima taa ya kibanda badala yake, nikaketi kwenye ndoo ya kuwekea nyaya, nikaisikiliza hadi mlinzi wa jengo alipokuja kugonga kwamba anafunga geti.